Nairobi ni hapo tu, mbona inanilemea?

"Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa miaka 33, kwetu Tanga. Januari mwaka huu tulihamia Nairobi baada ya mume wangu kupata kazi huku. Tunaishi Umoja na mtoto wetu wa miaka sita. Tanga nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka minane, huku nakaa nyumbani. Kila mtu aliniambia Nairobi ni hapo tu, tena lugha ni moja, nitazoea ndani ya mwezi. Sasa huu ni mwezi wa nane na ndiyo kwanza nazidi kuchoka. Nikienda sokoni tu narudi hoi kama niliyekuwa nalima. Watu wanaongea kwa ukali, nikisema 'naomba' wananicheka. Wiki iliyopita konda wa matatu alinijibu vibaya, nikalia njia nzima. Mwanangu sasa ananijibu kwa Sheng na Kiingereza. Mume wangu anasema sitaki kuzoea. Mama yangu ananiambia nirudi nyumbani. Je, huu ni ugonjwa wa akili, au ni mimi sijitumi? Nirudi?"

Marahaba, mwanangu. Nimeanza na neno hilo kwa makusudi, kwa sababu nahisi ni miezi sasa tangu umwamkie mtu akakuitikia hivyo.

Umeniuliza mambo matatu kwa mpigo: kama unaumwa, kama hujitumi, na kama urudi Tanga. La pili nalijibu sasa hivi tuliondoe njiani. Mtu aliyefundisha watoto wadogo miaka minane si mtu asiyejituma, na asiyejituma halii kwenye matatu. Hayo mengine mawili yana maelezo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha hapa Nairobi kwa miaka mingi, na wageni wanaokuja kuketi nami hutoka kila upande: Goma, Juba, Kampala, Mogadishu. Watanzania ndio huchelewa zaidi kuja. Aliyetoka Juba anajua amehama nchi, na watu wake wanajua, kwa hiyo akisema amechoka hakuna anayemuuliza amechokea nini. Wewe umenyimwa ruhusa hiyo. Uliambiwa ni hapo tu, sasa kila ukijikwaa unaona kosa ni lako, maana ukiambiwa njia ni tambarare utalaumu nini isipokuwa miguu yako? Mzigo huo ningependa uutue kwanza. Umehama nchi. Umebadilisha pesa, shule ya mtoto, sheria, chakula, hali ya hewa na kazi. Na lugha pia umebadilisha, kwa kiasi kikubwa kuliko unavyokiri.

Najua hapo utanipinga, kwa hiyo nilifafanue. Tanga, Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Ndicho unachombembelezea mtoto, unachozikia, unachogombana nacho, unachoendea kwa jirani kuomba chumvi. Mkazi wa kawaida wa Nairobi amelelewa kwa lugha nyingine, Kikuyu au Kikamba, Dholuo au Kiluhya, akasomeshwa kwa Kiingereza, na Kiswahili akakiokota njiani na sokoni, pamoja na kile cha somo la darasani. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katiba haiwezi kumpa mtu lugha ya utotoni. Basi Kiswahili cha Nairobi kimekuwa lugha ya kufanya mambo yaende: nipe, leta, songa, shuka hapo. Adabu na upole wa watu hawa umehifadhiwa kwenye lugha nyingine usiyoisikia. Huyo mama mboga anayekuambia "lete mia" kwa sauti kavu, ungemkuta akiongea na mamake kwa simu kwa Kikamba, ungedhani ni mtu mwingine.

Sikio lako la Tanga likisikia "lete mia" linasikia amri iliyovuliwa "naomba", na kwenu amri ya namna hiyo hupewa mtu anayedharauliwa. Ndiyo maana inakuuma. Lakini aliyeisema hakuiwekea dharau, kwake sentensi imekamilika. Na wanapokucheka ukisema "naomba nyanya za hamsini", wengi hucheka kwa kufurahia. Kiswahili chenu kwa masikio ya Nairobi ni kama cha mtangazaji wa redio, na ukiwazoea watakuambia wenyewe kwamba wanakionea wivu. Wapo wanaokejeli, sitakudanganya. Usiache "naomba" kwa ajili yao.

Halafu kuna maneno yenye sura ileile na maana nyingine. Ukisema bibi yako yuko Tanga, ukimaanisha mama wa mama yako, mtu wa hapa amesikia mke. Yeye akisema nyanya yake amelazwa, anamzungumzia huyohuyo unayemwita bibi. Umeme ni stima, giligilani ni dania, konda ni makanga, kituo ni steji. Kila moja ni dogo mno kulalamikia, ndiyo maana hakuna aliyekuonya.

Madogo hayo ndiyo yanayochosha, na si mimi wa kwanza kusema. Mwanaanthropolojia mmoja wa Kanada, Kalervo Oberg, alitoa hotuba mwaka 1954, iliyochapishwa 1960, akieleza kile alichokiita mshtuko wa utamaduni. Hakuanza na mambo makubwa kama dini au siasa. Alisema mtu aliyehama huishiwa nguvu kwa kupoteza ishara ndogondogo: lini umpe mtu mkono, useme nini mkikutana, ununue vipi kitu dukani, neno gani ulichukue kwa uzito na lipi ulipuuze. Ishara hizo tunatembea nazo bila kujua tunazo, hadi siku zitakapoacha kufanya kazi.

Fikiria safari yako ya soko ya zamani. Ulitoka nyumbani, ukapanda daladala, ukalipa, ukasalimiana na watu kumi, ukachagua dagaa, na muda wote huo akili yako ilikuwa kwenye somo la kesho. Jambo likirudiwa sana, ubongo huacha kulifikiria. Mwili unalifanya wenyewe, na umakini wako unabaki kwa mambo mengine. Sasa tazama safari ya leo. Nauli ya asubuhi si ya mchana, na mvua ikianza imepanda kabla hujafika steji. Makanga anaitaja kwa Sheng, na lazima ujue kwamba mbao ni ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia. Ukishaijua unaigeuza kwa shilingi ya kwenu, ambayo zaidi ya kumi na tano zinaingia kwenye moja ya huku, ili ujue kama umeibiwa. Unashika begi, unachungulia dirishani usipitishwe steji, unasikiliza jina la mahali linalotamkwa kwa kasi. Sokoni unauliza kama namba ya M-Pesa ni ya biashara au ya mtu binafsi. Hujafanya hata kimoja kati ya hivyo bila kufikiri. Umakini wa mtu kwa siku moja una mwisho, na wako uliisha kabla ya saa nane. Makanga alikukuta umebaki mtupu, na jibu lake likawa tone la mwisho.

Sasa, kuhusu huu mwezi wa nane unaokutia hofu. Wengi wameshika kwamba kuhama kuna hatua: furaha ya mwanzo, kisha shida, kisha unatulia, kama homa yenye siku zake. Wazo hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, aliyewahoji Wanorwe wapatao 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo na utafiti. Mwaka 1955 aliandika kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana kuzoea kidogo kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Ila aliwahoji watu tofauti mara moja tu. Hakumfuata mtu mmoja mwezi hadi mwezi. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand tangu siku ya kufika, na kipindi kilichowaelemea zaidi kikawa hicho cha kufika, ile furaha ya mwanzo haikuonekana. Kwa hiyo usijipime kwa kalenda ya mtu. Hakuna mwezi uliochelewa kuufaulu.

Hata hivyo umesema unazidi kuchoka, na hilo linahitaji sababu. Mimi naziona tatu katika barua yako.

Ya kwanza ni nyepesi: baridi. Ulifika Januari, jua likiwa kali. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti mawingu hulala juu ya mji siku nyingi, usiku ukishuka hadi nyuzi 11 au 12. Mtu wa Tanga hujifungia ndani, anakosa jua, hatembei, halali vizuri, anadhani huzuni imezidi. Jua likitokea hata nusu saa, toka ulifuate. Septemba hali hubadilika, na Oktoba mijakaranda ikichanua utaona mji mwingine. Na nakuomba sana, jiko la makaa lisiingie chumbani mkalala nalo. Kila msimu wa baridi watu hufa hivyo katika mji huu, kwa sababu hewa ya sumu ya makaa haina harufu na humchukua mtu usingizini.

Ya pili ni kazi yako. Umeitaja kwa sentensi moja, nami naona ndiyo kidonda chenyewe. Tanga hata muuza duka alikuita mwalimu. Neno hilo lilikutangulia kila mahali, likakutafutia heshima kabla hujafungua mdomo. Umoja hakuna anayelijua. Wewe ni "siz", au "mama nani". Mtu anaweza kuvumilia matatu, bei na baridi, lakini kuwa hakuna anayejua unachokiweza ni msiba, na msiba hauponi kwa kuambiwa uzoee. Ulie kwa hilo, una haki.

Kisha kaeni na mume wako mfungue pasipoti zenu. Kama uko hapa kwa kibali cha mtegemezi, hakikuruhusu kuajiriwa. Utahitaji kibali cha kazi, na kufundisha kunahitaji pia usajili wa TSC, tume inayosajili walimu. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha na kuwa na kitambulisho cha mgeni. Maswali haya yapelekeni Idara ya Uhamiaji, Nyayo House, wala si kwa dalali wa mtaani. Nimeona wanawake wakinyong'onyea kwa miezi, kumbe nusu ya hofu ilikuwa stempu moja ambayo hawakujua kama iko sawa.

Ya tatu ni mtoto. Sheng imekulia Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, na Umoja iko huko, kwa hiyo mwanao ametupwa kwenye kitovu chake na ameogelea. Mtoto anayejibu kwa Sheng hajakukimbia wewe, ametafuta njia ya kupewa mpira. Tena si kweli kwamba lugha tatu humchanganya mtoto akili. Watoto wa Afrika Mashariki wamezibeba siku zote. Kilicho kweli ni kwamba lugha ya nyumbani hunyauka ikiwa hakuna anayeihitaji. Usimkataze Sheng. Akikujibu kwa Sheng, wewe endelea kwa Kiswahili chako bila kumkemea. Usiku mpe paukwa pakawa. Akutie shikamoo kila asubuhi, hata akiwa peke yake mtaani anayefanya hivyo. Mwache naye akufundishe maneno mawili matatu kwa siku, lakini usimfanye mkalimani wa mambo ya wakubwa, kama kujadili kodi na keateka, yule msimamizi wa nyumba. Mzigo huo si wa miaka sita.

Na hapa kuna kitu ambacho hujakiona. Wazazi wa Nairobi wanahangaika jioni na kazi ya nyumbani ya Kiswahili. Ngeli zinawatoa jasho, insha ndiyo kabisa. Jirani yako mlango wa pili ana mtoto anayehitaji nusu saa yako. Usiifanye biashara, kwa sababu ya kibali nilichokitaja. Iwe ujirani tu. Mtoto mmoja, meza moja, jioni mbili kwa wiki. Neno "mwalimu" litaanza upya kutoka kwenye mdomo huo mmoja.

Kuhusu soko na matatu, ushauri wangu huwashangaza watu: usiizunguke Nairobi. Mwili hujifunza kwa kurudia jambo lilelile mahali palepale. Chagua mama mboga mmoja na umwendee saa ileile, panda matatu za sako moja, yaani chama kimoja cha wenye matatu, kwenye steji moja, kwa wiki kadhaa. Mama mboga akishakujua ataanza kukukatia sukuma wiki kabla hujamwambia, atakuita kastoma wake, atakuongezea nyanya moja juu, na siku ukikosa pesa atakuambia utaleta kesho. Naomba uitazame sana hiyo kesho. Adabu ya mji huu haisemwi sana. Watu hukufanyia. Ukiitafuta kwenye maneno utaikosa na itakupita mkononi.

Mume wako anasema zoea, mama yako anasema rudi. Wote wawili wanakupenda, na wote wanavuta kamba moja: mmoja anataka uiache Tanga, mwingine anataka uiache Nairobi. Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, ametafiti wahamiaji kwa miongo mingi, na hoja yake kuu ni kwamba anayeshika ya kwao huku akiingia katika ya wenyeji, kwa kawaida huwa na hali bora kuliko anayeshika upande mmoja au anayekosa yote. Wapo wanaombishia kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, lakini niliyoyaona hapa yanakubaliana naye. Basi tafuta Watanzania wenzako, ila ukiona kikao ni cha kuwasema Wakenya tangu mwanzo hadi mwisho, utatoka umechoka zaidi, usikifanye cha kila wiki. Siku ukitamani tu kusikia Kiswahili cha nyumbani, nenda Majengo, Pumwani, mtaa wa zamani wa Waswahili hapa Nairobi, ukazungumze na wazee wa pale. Na simu ya Tanga iwe ya jioni. Asubuhi nzima ya ujumbe wa sauti na dada zako inakuacha ukiishi mahali ambapo mwili wako haupo.

Sasa, urudi? Kurudi si aibu, na wapo niliowaambia warudi. Lakini nisingependa uamue ukiwa katikati ya baridi na machozi. Ukiondoka sasa, siku tatu za kwanza Tanga utapata nafuu kubwa, nawe utaichukua nafuu hiyo kuwa ushahidi, ilhali hata mgonjwa wa malaria akipumzika kivulini hupata nafuu. Nendeni likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, pamoja na mtoto, tiketi ya kurudi ikiwa imeshakatwa. Mkirudi, mpe Nairobi hadi Machi. Hapo mkae wawili muamue, kwa kutazama mambo ya kila siku: je, soko bado linakuchosha vilevile? Kuna mtu hata mmoja asiye wa nyumbani mwako anayejua jina lako? Kibali kimefika wapi? Na kwa kuwa nimeitaja malaria: mwili unaokaa Nairobi hupoteza taratibu kinga ya kuizoea, na mtoto zaidi. Tanga mlale kwenye chandarua, na mtu akipata homa huko au wiki chache baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo na amwambie daktari alikotoka.

Umeuliza kama ni ugonjwa wa akili. Uliyoyaeleza hayanilazimishi kusema ndiyo, lakini barua haitoshi kunifanya niseme hapana. Jitazame kwa uaminifu. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hufurahii hata unachokipenda, usingizi au hamu ya kula imepotea, au kumwogesha na kumlisha mtoto kumekuwa mlima, usisubiri Machi. Nenda kituo cha afya uonwe ana kwa ana, na uombe pia wapime damu na tezi ya shingo, na kama una ujauzito, maana yote hayo huleta uchovu unaofanana na huu. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mathari, barabara ya Thika, zina wataalamu wa afya ya akili. Una haki ya kuomba anayezungumza nawe kwa Kiswahili. Fikra za kutaka kufa zikikujia, hata kwa kupita, mwambie mtu leo, au upige 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Na kama kuna jambo hukuliandika, kwamba mumeo ameshika pasipoti yako, au anakupiga, au anakunyima pesa ya kula, basi tatizo si Nairobi kabisa. Namba ya msaada ni 1195, haitozwi.

Natumaini si hivyo. Natumaini ni mume mwema ambaye asubuhi huenda mahali wanapojua jina lake na kumpangia cha kufanya, na hajagundua kwamba wewe huna mahali kama hapo. Msomee barua hii. Kisha umuulize swali moja, bila kumlaumu: tangu Januari, ni siku gani yeye mwenyewe Nairobi ilimlemea? Wanaume wengi huchukua muda kulijibu. Mpe muda huo, na usimjazie kimya chake.